Mfupa wa Mtu Mwingine: Kipimo Kimoja Hakitoshi

Wodi za mifupa za Kitale na Bungoma hazikosi wagonjwa. Barabara ya Webuye hadi Kitale, pamoja na ile kuu iendayo Malaba, hubeba bodaboda, matatu, malori na matrekta ya miwa kwa wakati mmoja, na ajali zake huwaachia watu miguu na mikono iliyovunjika. Mifupa mingi huunga ikitulizwa kwa plasta au vyuma. Michache hukataa kuunga, na mingine huacha pengo ambalo mwili hauwezi kulijaza. Wapo pia watoto ambao mfupa wao umeliwa na usaha kwa miezi, watu wenye uvimbe uliotoboa mfupa kwa ndani, na wagonjwa ambao kifua kikuu kimewaingia kwenye uti wa mgongo. Hao wote huenda wakahitaji mfupa wa kuziba pengo. Daktari wa upasuaji hutazama kwanza nyonga ya mgonjwa mwenyewe, akakata kipande hapo na kukihamishia panapohitajika. Lakini nyonga ya mtoto ni ndogo, ya mzee ni dhaifu, na pengo likiwa kubwa mfupa wa mwenyewe hautoshi. Hapo ndipo linapokuja wazo la kutumia mfupa wa mtu mwingine: aliyefariki, au aliye hai ambaye amebadilishiwa nyonga na kile kichwa cha mfupa wa paja kilichotolewa kingetupwa. Kadiri upasuaji wa kubadilisha nyonga unavyoenea nchini, ndivyo vichwa hivyo vitakavyoongezeka, na ndivyo wananchi watakavyouliza: je, mfupa wa mwenzangu unaweza kuniletea virusi? Jibu la kweli ni kwamba unaweza, na imewahi kutokea. Hata hivyo, ushahidi wa miaka mingi unaonyesha kwamba hatari hiyo huzuilika, mradi hospitali isitegemee kipimo kimoja cha maabara bali msururu wa vizuizi, na mradi vizuizi hivyo viwekwe kabla ya mfupa wa kwanza kuhifadhiwa.

Wengi hudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Mfupa uliotoka mwilini una damu katika vijitundu vyake na uboho katikati, na virusi vinavyosafiri kwa damu hukaa humo humo. Tayari mwaka 1954 madaktari wa Marekani waliripoti homa ya ini iliyosafiri kupitia mfupa uliohifadhiwa katika benki ya mifupa. Mwaka 1988 ikaripotiwa habari ya mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo mwaka 1984, kabla kipimo cha virusi vya Ukimwi hakijapatikana, akawekewa mfupa wa mtu mwingine na kuambukizwa VVU. Mfupa huo ulikuwa umetunzwa katika baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Habari hiyo inafuta dhana moja inayosikika hata miongoni mwa watu waliosoma, kwamba jokofu kali huua virusi. Baridi huzuia mfupa usioze, lakini virusi navyo huhifadhika pamoja nao. Hospitali inayonunua jokofu na kudhani imepata benki ya mifupa imenunua chombo cha kutunzia, na kazi ya usalama bado haijaanza.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea katika jimbo la Virginia, Marekani. Mwaka 1985 kijana mmoja alipigwa risasi akafa, na familia ikakubali viungo na tishu zake zitumike. Damu yake ilipimwa VVU na kipimo kikaonyesha hana. Viungo na tishu 58 vilisambazwa. Mwaka 1991, mpokeaji mmoja alipogunduliwa kuwa na VVU, wachunguzi walirudi nyuma kufuatilia nyayo za kijana yule. Waliwatambua wapokeaji 48, na 41 kati yao wakapimwa. Saba walikuwa wameambukizwa: wote wanne waliopewa viungo kama figo na moyo, na watatu waliowekewa mfupa uliogandishwa bila kusafishwa. Wengine 34 hawakuwa na maambukizi. Wengi wa hao 34 walipokea mifupa iliyotoka katika mwili ule ule, ila ilikuwa imesafishwa na kutiwa alkoholi. Mmoja alipokea mfupa uliogandishwa tu, lakini uboho wake ulikuwa umeondolewa, naye akasalimika. Mtoaji alikuwa yule yule, na virusi vilikuwa vile vile, lakini matokeo yalitofautiana kulingana na jinsi kila kipande kilivyoandaliwa. Ripoti ya uchunguzi huo, iliyochapishwa mwaka 1992, inatupa mambo mawili ya kushika: kipimo kinaweza kusema hapana huku virusi vimo, na kuusafisha mfupa kunaweza kumwokoa mpokeaji pale kipimo kiliposhindwa.

Kwa nini kipimo kilishindwa? Washauri wa VCT, yaani ushauri na upimaji wa hiari wa VVU, wamekuwa wakiwaeleza wananchi habari ya kipindi cha dirisha kwa miaka mingi. Mtu akiambukizwa leo, virusi huanza kuzaana mara moja, lakini kipimo cha kawaida hakitafuti virusi. Hutafuta kingamwili ambazo mwili hutengeneza baadaye. Kwa VVU, vipimo vya kingamwili vilivyotumiwa kwa miaka mingi huchelewa kama siku 22. Kipimo cha kisasa kinachotafuta vinasaba vya virusi vyenyewe hupunguza muda huo hadi kama siku 11. Kwa homa ya ini aina ya C tofauti ni kubwa zaidi, kwa kuwa kingamwili huweza kuchelewa kwa miezi miwili au zaidi, ilhali kipimo cha vinasaba huviona virusi katika wiki moja au mbili. Mtu aliye katika siku hizo anaonekana mzima, anajisikia mzima, na karatasi ya maabara inathibitisha kwamba ni mzima. Mfupa wake ukichukuliwa siku hiyo, unachukuliwa pamoja na virusi.

Kutokana na hilo unafuata ukweli ambao waandishi wa vipeperushi vya hospitali hupenda kuuruka. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walikadiria kwamba, mtoaji akichaguliwa na kupimwa kwa uangalifu wote, uwezekano wa kupata VVU kwa mfupa ni mara moja katika upandikizaji milioni 1.6 hivi. Takwimu hiyo imenukuliwa duniani kote kuwatuliza wagonjwa. Ilikuwa ya Marekani na ya watoaji wa Marekani. Utafiti mwingine wa huko huko, uliochapishwa mwaka 2004, ulikadiria kwamba mtoaji mmoja wa tishu kati ya 55,000 anaweza kuwa na VVU ambavyo vipimo vya kawaida havikuviona, na mmoja kati ya 34,000 akawa na homa ya ini aina ya B. Kipimo cha vinasaba kikiongezwa, makadirio hayo hushuka hadi mmoja kati ya 173,000 na mmoja kati ya 100,000. Takwimu hizi haziwezi kuhamishwa Bungoma kama zilivyo, kwa sababu hatari ya kipindi cha dirisha hutegemea ni watu wangapi wanaambukizwa kila mwaka katika jamii inayotoa mifupa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme katika eneo fulani mtu mmoja kati ya 1,000 huambukizwa kila mwaka, na kipimo huchelewa siku 22. Kwa siku yoyote utakayochagua, mtu mmoja hivi kati ya 16,600 yumo ndani ya dirisha hilo. Mahali ambapo anayeambukizwa ni mmoja kati ya 10,000, aliye ndani ya dirisha ni mmoja kati ya 166,000. Maabara ni ile ile na kipimo ni kile kile, lakini hatari ya mahali pa kwanza imezidi mara kumi. Nchi yenye maambukizi mapya mengi inahitaji vizuizi vingi zaidi, na ni kosa kuazima faraja ya nchi nyingine bila kuazima pia kazi iliyoizalisha.

Kenya imeshapitia somo hili kwa njia ya damu. Mwaka 1994 watafiti walichunguza utoaji wa damu katika hospitali sita za serikali nchini, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001: walikadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 walioongezewa damu, wawili hivi waliambukizwa VVU kwa damu hiyo. Wakati huo kipimo cha VVU kilikuwa kimepatikana duniani kwa miaka tisa. Kuwepo kwa kipimo, basi, hakukutosha. Palihitajika taasisi yenye kazi ya kuwachagua watoaji, kupima kila chupa kwa utaratibu mmoja na kuweka kumbukumbu. Ni baada ya shambulio la bomu la Agosti 1998 jijini Nairobi, ambalo lilidhihirisha jinsi nchi ilivyokuwa haina mfumo wa damu, ndipo huduma ya kitaifa ilipojengwa, yenye vituo vya mikoa kikiwemo cha Eldoret, na damu ikawa inapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Huduma hiyo siku hizi inabeba pia jukumu la upandikizaji katika jina lake. Gharama ya kujifunza hivyo ililipwa na wagonjwa. Hakuna sababu ya kulipa mara ya pili kwa mifupa somo ambalo tulikwisha kulilipia kwa damu.

Tena kuna virusi ambavyo havimo katika orodha ya vipimo hivyo vinne, na wakazi wa pande hizi wana sababu ya pekee ya kuvikumbuka. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, aliugua ghafla baada ya kutembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, akafia Nairobi. Alikuwa na virusi vya Marburg, na daktari aliyemhudumia aliambukizwa pia, ingawa alipona. Mwaka 1987 kijana mmoja kutoka Denmark aliyetembelea pango hilo hilo alikufa kwa ugonjwa huo huo. Mapema mwaka 2025, Uganda ilipotangaza mlipuko wa Ebola aina ya Sudan, ilibainika kwamba muuguzi aliyekuwa mgonjwa wa kwanza alikuwa ametafuta matibabu hata Mbale, mji ulio upande wa pili wa mlima huo huo. Matukio haya ni nadra, na hakuna sababu ya mgonjwa wa mguu uliovunjika kukosa usingizi kwa ajili yake. Yanaonyesha tu kwamba maabara hujibu swali lililoulizwa na si zaidi. Mtu anayetoa mfupa lazima aulizwe alikokuwa, alikougulia, homa aliyoipata na dawa anazotumia. Na pakiwa na shaka, mfupa wake usichukuliwe. Mahojiano hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji muuguzi aliyefunzwa, chumba cha faragha na nusu saa, na ndiyo kizuizi cha kwanza katika msururu wote.

Kizuizi cha pili ni kupima mara mbili. Mtoaji aliye hai, kama yule aliyebadilishiwa nyonga, hupimwa siku ya upasuaji, mfupa ukawekwa kando bila kutumiwa, kisha akarudi kupimwa tena baada ya siku 180. Akiwa bado hana virusi, basi hakuwa ndani ya dirisha siku ile, na mfupa wake unaruhusiwa. Asiporudi, mfupa hutupwa. Huu ndio utaratibu wa Ulaya pale ambapo kipimo cha vinasaba hakikutumika. Kwa aliyefariki hakuna kurudi, kwa hiyo kipimo cha vinasaba na usafishaji wa mfupa hubeba mzigo wote. Kizuizi cha tatu ni huo usafishaji: kuosha mfupa hadi damu na uboho viishe, kisha kuupitisha katika joto au mionzi. Ushahidi wake ulionekana tena katika jimbo la Oregon, Marekani, ambako mtu aliyefariki mwaka 2000 alikuwa na homa ya ini aina ya C iliyofichika ndani ya dirisha. Wapokeaji wanane wa viungo na tishu zake waliambukizwa, lakini kati ya wapokeaji 16 wa mifupa yake iliyopigwa mionzi ya gama, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Mionzi ina mipaka yake: kiwango kikizidi, mfupa hukosa nguvu, na kikiwa kidogo, baadhi ya virusi huweza kusalia. Ndiyo maana inafuata vizuizi vingine wala haichukui nafasi yake.

Kizuizi cha mwisho ni kumbukumbu, na hiki ndicho kinachopuuzwa zaidi kwa sababu hakionekani kama tiba. Kule Virginia wachunguzi waliweza kuwatafuta wapokeaji miaka sita baadaye kwa kuwa vipande vingi vilikuwa na maandishi ya vilikotoka na vilikokwenda. Mkulima wa Trans Nzoia anaielewa kazi hiyo vizuri. Anaponunua mbegu ya mahindi ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzia papo hapo Kitale mwaka 1956, paketi huwa na nambari ya fungu na kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, na mbegu isipoota anajua pa kwenda kuuliza. Mfupa unaotiwa mwilini mwa binadamu unastahili angalau heshima hiyo: nambari ya mtoaji, tarehe za vipimo vyote, jina la aliyeusafisha, na faili ya mgonjwa aliyeupokea, vikitunzwa kwa miaka mingi. Sheria ya Afya ya 2017 inataka ridhaa ya maandishi kabla ya tishu kutolewa mwilini mwa mtu. Ridhaa ni mwanzo mwema, lakini haimwambii mgonjwa wa pili chochote kuhusu usalama wa alichowekewa.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo haya yanatisha watu bure, kwa kuwa ajali za bodaboda zinaua na kulemaza kwa hakika ilhali virusi kwenye mfupa ni jambo la mmoja kati ya maelfu. Pingamizi hilo lina uzito. Mgonjwa anayekataa upasuaji kwa hofu huweza kupoteza mguu, na hasara hiyo ni ya kweli kuliko hatari iliyo mbali. Lakini hofu haiponi kwa kunyamaza. Mwaka 2025, Wizara ya Afya iliposimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret na kuunda kamati ya uchunguzi, watu wengi magharibi mwa Kenya walianza kulitazama kila neno la upandikizaji kwa shaka. Imani hurudi pale hospitali inapoweza kumwonyesha mgonjwa karatasi za mfupa wake. Wengine watasema tutumie mfupa wa mgonjwa mwenyewe na tusahau habari ya benki. Kwa pengo dogo hilo ni shauri bora, na linapaswa kubaki chaguo la kwanza. Kwa mtoto aliyepoteza sehemu kubwa ya mfupa wa muundi kwa usaha, au mama mzee ambaye nyonga aliyowekewa imelegea, shauri hilo halina jibu. Zaidi ya hayo, kukata nyonga ni jeraha la pili, lenye maumivu ambayo kwa baadhi ya watu hudumu kuliko ya jeraha la kwanza.

Kuna wanaotegemea mifupa iliyoandaliwa viwandani ng'ambo. Hiyo kwa kawaida imesafishwa vizuri sana, ila bei yake humshinda mgonjwa wa kawaida, na hata viwanda hukosea. Mwaka 2021 zaidi ya wagonjwa 100 nchini Marekani waliwekewa bidhaa ya mfupa yenye chembe hai kutoka kwa mtoaji mmoja aliyekuwa na kifua kikuu, na wengi wao wakaugua. Mwaka 2023 jambo hilo likajirudia kwa mtoaji mwingine. Wapo pia wanaosema kwamba siku hizi VVU vina dawa na homa ya ini aina ya C hupona kwa vidonge vya wiki chache. Ni kweli, na ni baraka kubwa. Lakini dawa humsaidia anayejua kwamba anaumwa. Mtu aliyeingia hospitali kwa mguu uliovunjika hafikirii kupima virusi mwaka unaofuata, na homa ya ini aina ya B bado mara nyingi haiponi kabisa. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwaka 2001, kwa hiyo wazee wanaobadilishiwa nyonga leo, ambao ndio watoaji wa kesho, wengi wao hawakupata chanjo hiyo utotoni.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Kaunti zinazohangaika kununua glavu na dawa za usingizi zitapata wapi fedha za benki ya mifupa? Jibu ni kwamba vizuizi vyenye nguvu zaidi si vya bei kubwa. Mahojiano ni mafunzo na muda. Kupima mara ya pili ni simu ya kumkumbusha mtoaji na bei ya kipimo. Hospitali za Ujerumani zimetumia kwa miaka mingi kifaa kidogo kinachopasha kichwa cha mfupa wa paja joto hadi nyuzi 82.5 kwa dakika 15 katikati yake. Kiasi hicho huangamiza VVU na virusi vya homa ya ini huku mfupa ukibaki na nguvu ya kutumika. Kumbukumbu ni daftari na mtu mwaminifu wa kuliandika. Wala si lazima kila kaunti ijenge yake. Bungoma, Trans Nzoia, Kakamega, Busia na Uasin Gishu zinaweza kushirikiana kuwa na benki moja chini ya usimamizi wa huduma ya kitaifa, kama zinavyotegemea mfumo mmoja wa damu, na kuikagua kwa pamoja. Ikiwa hata hayo hayawezekani, basi kaunti isihifadhi mfupa wa mtu mwingine kabisa. Benki isiyo na vizuizi ni mbaya kuliko kukosa benki, kwa sababu humpa mgonjwa matumaini yasiyo na msingi.

Wabunge wa kaunti na wakurugenzi wa afya, wekeni kanuni kabla ya jokofu. Nawe mgonjwa au mzazi, siku daktari atakapokuambia kwamba mwanao anahitaji mfupa wa mtu mwingine, usikimbie na usitie sahihi kwa haraka. Uliza mambo matatu: je, mfupa wa mwenyewe hautoshi? Mtoaji alipimwa mara ngapi, kwa vipimo gani? Mfupa ulisafishwa vipi, na nambari yake iko wapi? Daktari mwema hatakasirika. Atafungua faili na kukuonyesha. Na wewe unayekwenda kubadilishiwa nyonga, ukiombwa kutoa kichwa cha mfupa wako, kubali, jibu maswali yote kwa ukweli, kisha urudi baada ya miezi sita kupimwa tena, maana kurudi kwako ndiko kutakakoufanya mfupa huo uwe dawa kwa mwenzako. Mfupa usio na vipimo kamili wala karatasi ya kuutambulisha usiingizwe katika mwili wa mtu yeyote, iwe Kitale, Bungoma au kwingineko nchini.